Biskuti za Boga na Paka wa Mtaa Mzima

Leo sina uso. Huu nilio nao nimeuazima, nipate tu kuwaandikia.

Nimeaibika mbele ya shangazi yangu, mbele ya jirani, na mbele ya paka wa mtaa mzima. Nawaeleza mwenyewe kabla hamjasikia kwa jirani huyo, Mama Zaina, maana kisa kikipita mdomoni mwake hutoka na mkia. (Na mikia leo ilikuwa mingi ya kutosha. Mtaelewa.)

Mnajua ninakaa kwa yaya wangu Riziki, hapa Baraka, karibu na ziwa. Yaya ni dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea mama alipotutoka. Anashona nguo nyumbani. Miezi hii tumbo lake limekuwa hakimu, kila chakula kinachoingia linakihukumu. Maharage, hatia. Sombe ya majani ya mihogo yenye pilipili, hatia. Mandazi, hatia kubwa. Na ndakala, wale samaki wetu wadogo ambao wengine mnawaita dagaa, waliokaangwa kwa mawese mpaka wanalia kwenye meno, ambao Yaya anawapenda kuliko anavyonipenda mimi, hao ndio waliofungwa kwanza.

Muuguzi alimpa dawa, akamwambia ale vitu laini, kidogo kidogo, mara nyingi. Basi ikawa uji. Uji asubuhi, uji mchana, uji jioni. Siku hizi Yaya anakitazama kikombe kama mtu anayetazama mvua dirishani. Anakunywa nusu, anasema, "Nimeshiba." Na nguo alizojishonea mwenyewe zinamning'inia kama za mtu mwingine.

Juzi akapiga simu Shangazi Elena, dada wa marehemu baba yetu. Anakaa Fizi, kule juu milimani. Sauti yake haihitaji simu, lakini alipiga hivyo hivyo, akaniita kwa jina.

"Safari! Siku ya Mungu ninakuja kumuchukua Riziki. Akuje huku, nitamupikia mi mwenyewe."

"Shangazi, mi niko hapa. Ninamuangalia."

"We? We leo uko Baraka, kesho utasikia kuko dhahabu fasi fulani, unaenda. Na mwanaume anajua kupika nini? Maji ya moto?"

(Maji ya moto nayajua vizuri sana, lakini haikuwa saa ya kujisifu.)

Ukweli ni kwamba hakunionea. Nimebeba mizigo ya mitumbwi Mboko. Nimeosha mchanga wa dhahabu Misisi, nikapata mchanga. Nimefukuza ng'ombe kule Minembwe, ingawa aliyeona kwa mbali angesema ng'ombe ndio waliokuwa wananifukuza. Nikisikia kuna kitu ambacho sijakiona, miguu inawasha. Na kila niliporudi nimekonda, mlango wa Yaya ulikuwa wazi.

Yaya hataki kwenda Fizi. Hakusema hivyo kwa Shangazi, nani anayeweza? Lakini jioni ile nilimkuta ameweka mkono juu ya cherehani yake kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala.

"Bateja bangu batatafuta fundi mwingine," akaniambia. "Na huko juu, bila kusikia ziwa, sitapata usingizi. Nikienda, Safari, sitarudi mbio."

"Yaya, hauendi," nikamwambia.

"Utamuzuiya Shangazi na nini?"

Nikasema nitamzuia na biskuti.

Msicheke bado. Siku moja kabla nilikuwa nimekaa pale wanapochaji simu, nikaona video ya mama mmoja anaoka biskuti za watu wenye tumbo gumu kuridhika. Boga la kuchemsha na kuponda. Avoine, ile nafaka bapa ya kwenye kopo wanayopikiwa watoto uji. Ndizi iliyoiva sana badala ya sukari. Hakuna kukaanga, hakuna pilipili. Niliitazama mara nyingi mpaka mwenye kibanda akaniuliza, "We, ni mke wako huyo?"

Huyo mama alikuwa na tanuri lenye taa ndani. Sisi tuna mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa. Lakini mimi niliwahi kubeba magunia ya unga kwa mwoka keki mmoja huko Uvira, na nikaiba ujuzi kwa macho: unaweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, unaupasha moto, juu yake unaweka vijiwe, juu ya vijiwe sahani ya bati yenye keki, unafunika, na juu ya kifuniko unatia makala. Mchanga unagawa moto polepole, chini haiungui. Ujuzi huo nilikaa nao miaka yote bila kazi. Nikaona, leo ndiyo siku yake!

Jana nilienda dukani kununua avoine. Mwenye duka akanitazama juu mpaka chini.

"Nani amezaa kwenu?"

"Mimi," nikasema.

Akanipa kopo na hongera.

Asubuhi ya leo niliamka kabla ya Yaya. Nikachemsha boga, nikaliponda, nikachanganya na ndizi, avoine, yai moja na chembe ya chumvi. Unga ukawa na rangi nzuri kama jua la asubuhi. Ukabaki mchanga.

Nikachukua ndoo nikashuka ziwani. Mchanga wa ukingoni ulikuwa umelowa, ungechukua siku nzima kukauka. Lakini juu kidogo, nyuma ya nyumba ya jirani yetu Mama Zaina, niliona mchanga mkavu, laini, sawasawa, hauna jani, hauna taka, kama kuna mtu aliyeufagia kwa ajili yangu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikajaza ndoo.

(Ninyi wa Baraka nawaona mmeshaanza kushika mbavu. Nyamazeni, kuna wa Bukavu hapa.)

Nikawasha makala. Mama Zaina akapita na beseni lake kichwani, akasimama.

"Eh! Safari mu jikoni! Leo ziwa itakauka!"

"Mama Zaina, ninapika dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya Shangazi."

Akacheka akaenda zake. Paka wake mwekundu hakwenda. Alikaa mbele ya mbabula, akakunja mkia, akaitazama sufuria kama mtu aliyeahidiwa kitu. Kidogo akaja mweusi wa nyumba ya pili. Halafu mmoja mwenye sikio moja ambaye sijawahi kumwona popote. Halafu paka na watoto wake.

Nikajiambia: wanyama wana pua. Kama paka, ambaye hali boga, anavutwa na biskuti ya boga, binadamu itakuwaje?

(Ndiyo, nilijiambia hivyo. Na nilijiona nina akili.)

Mtaniuliza, we hukusikia harufu? Ndugu zangu, katika mtaa wetu harufu ya ndakala haiitwi harufu. Inaitwa hewa. Iko kwenye shuka, iko kwenye nywele, ukifungua Biblia inatoka humo. Pua iliyokulia hapa ilishaacha kazi zamani. Mimi nilinusa nikasikia boga, ndizi na nyumbani.

Nilipokuwa nageuza biskuti, moja ikateleza ikaanguka kwenye mchanga wa moto. Nikaiokota, nikaipuliza, nikaifuta juu juu na shati. Nikaiweka pembeni ya sinia peke yake, nikasema hii nitakula mimi. Nawaomba mkumbuke hiyo biskuti.

Saa ya watu kutoka kanisani, Shangazi Elena akafika na moto, ile pikipiki ya abiria, amejaa vumbi jekundu mpaka kope. Mkononi alikuwa na begi kubwa, tupu. Nilipoliona lile begi moyo uliniuma. Lilikuwa limekuja kujazwa.

Akasimama mlangoni. Akavuta pumzi.

"Nyumba yenu inanuka ndakala."

"Shangazi, Baraka yote inanuka ndakala."

Hilo hakuweza kulipinga. Akaingia, akamkumbatia Yaya, akamshika mikono, akaipima kwa vidole vyake kama anapima kuni.

"Riziki mwanangu, umebakia mifupa. Leo tunaenda."

"Shangazi, ukae kwanza," nikasema. "Kuna chakula."

"Nani amepika?"

"Mi."

Akakaa. Sidhani alikaa kwa heshima. Nadhani miguu ilimwishia.

Nikaleta sinia, nimelifunika kitambaa cheupe alichokitarizi Yaya. Nikasafisha koo. Nikaanza hotuba (hotuba, ndugu zangu!). Nikaeleza faida ya boga. Nikaeleza avoine inavyolibembeleza tumbo. Nikasema hapa ndani hakuna mafuta, hakuna pilipili, hakuna kitu chochote cha kumuudhi mgonjwa. Nikafunua. Biskuti zilikuwa nzuri, wallahi zilikuwa nzuri, za duara, rangi ya dhahabu ambayo Misisi sikuipata. Hata Shangazi aliinua nyusi.

"Tuombe," akasema.

Sasa, maombi ya Shangazi hayana haraka. Alianzia Fizi. Akashukuru kwa mlima. Akashuka na barabara, kona kwa kona. Akamwombea dereva wa moto, magurudumu ya moto, daraja. Alipokuwa bado hajafika Baraka nikasikia kwenye sinia mlio mdogo, kama mtu anachukua biskuti kimya kimya. Nikafurahi! Nikajua ni Yaya, ameshindwa kungoja.

Nikafungua jicho moja.

Hakuwa Yaya. Alikuwa yule paka mwekundu, amesimama katikati ya meza, biskuti mdomoni, ananitazama machoni bila hofu ya Mungu.

Mtu hapigi kelele katikati ya maombi. Nikamfukuza kwa macho. Hakujali. Nikamfukuza kwa nyusi. Akaiweka ile biskuti chini, akachagua nyingine kubwa zaidi. Wakati huo dirishani wakaingia mweusi na yule wa sikio moja, pamoja. Nikatupa mguu. Paka akaruka, sinia likapinduka, kitambaa cheupe kikamwangukia Shangazi kichwani.

"Shindwa!" Shangazi akapiga kelele gizani. "Shindwa, shetani!"

"Amina!" akajibu Mama Zaina, ambaye alikuwa mlangoni na ufagio anamtafuta paka wake.

Tukawatoa paka. Nikakusanya biskuti mbio mbio, nikazipanga upya kwa heshima iliyobaki. Mama Zaina akakaribishwa, maana hakuwa na nia ya kuondoka. Nikamwekea Shangazi biskuti mkononi.

Akauma. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

Akaigeuza.

Chini ya biskuti, amebandikwa vizuri kabisa kama muhuri, alikuwa ndakala. Mzima. Mkavu. Ana kichwa, ana mkia, na jicho lake moja linatutazama sisi sote.

(Nilisema muikumbuke.)

Shangazi akaiweka mezani, jicho likitazama juu.

"Safari."

"Ndiyo, Shangazi."

"Boga ya Baraka iko na macho?"

Mama Zaina aliomba biskuti, akainusa, akafumba macho, akainusa tena. Huyu mama ameanika ndakala tangu akiwa msichana. Akaniangalia.

"Muchanga ya kuokea ulichota wapi?"

"Pale nyuma ya nyumba yako. Fasi ile safi."

"Safi!" Akashika kichwa. "Yo! Pale njo ninaanikaka ndakala! Ni mi njo ninafagiaka! Ule muchanga umekunywa mafuta ya samaki miaka na miaka, sasa we unaupasha moto na unafunika! Safari, we haukuoka biskuti. Umezikausha sawa ndakala!"

Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka mpaka dereva wa moto akaingia kuuliza nani amekufa. Akaelezwa. Akaelezwa tena, kwa kuonyeshwa jicho. Naye akashika ukuta. Dirishani paka walikuwa wamepangana kama mashahidi.

Lakini Shangazi hakucheka. Alichukua lile begi tupu, akalifungua zipu taratibu.

"Riziki," akasema, si kwa ukali, na hilo ndilo liliniuma zaidi. "Mutoto amejaribu. Lakini unaona mwenyewe. Leta nguo zako."

Kicheko kikakatika. Nikabaki nimesimama na sinia. Nimewahi kufukuzwa kazi mara nyingi na sikuwahi kulia, lakini pale nilijifuta macho begani. Niliitazama cherehani. Sikuweza kumtazama Yaya.

Yaya hakusimama. Tukageuka wote.

Alikuwa na biskuti mkononi, nusu imekwisha. Anatafuna polepole, macho amefumba, kama mtu anayesikiliza wimbo kwa mbali.

"Yaya, acha! Zimeharibika!"

"Toka," akaniambia mdomo umejaa. Akamaliza. Akachukua nyingine.

"Riziki, muuguzi alikukataza ndakala," akasema Shangazi.

"Alinikataza ndakala, njo kweli. Sasa mi sikule ndakala. Ninakula boga." Akainusa biskuti, akatabasamu, na makombo yakamwanguka kifuani. "Miezi yote hii mulinipa uji, uji, uji. Mi nilikuwa natamani kaharufu tu, Shangazi. Harufu tu ya nyumbani."

Halafu akamtazama yule ndakala wa Shangazi, aliyebaki mezani na jicho lake, na akaanza kucheka. Sijamsikia Yaya akicheka tangu ugonjwa uanze. Alicheka mpaka akainama na kujishika tumbo, nami nikaruka.

"Linauma?"

"Hapana, mujinga we! Ni kucheka!"

Tukangoja. Mtu asiseme hajui mahakama ni nini kama hajakaa na Shangazi Elena, Mama Zaina na dereva wa moto, wote wanne tukilitazama tumbo la mtu mmoja. Nikamimina chai, ikapoa. Shangazi begi mapajani, mkono juu ya zipu. Mama Zaina midomo inacheza, nadhani anasoma dua. Yaya akashusha pumzi. Akabeua kidogo, kwa adabu, na kiganja mdomoni.

"Iko ingine?" akauliza.

Shangazi akafunga zipu.

"Hii biskuti ni mbaya," akasema, akinitazama usoni. "Nimeishi, nimekula, sijaona kitu mbaya sawa hii."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kesho utaoka zingine."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na hiyo miguu yako uifunge kamba. Nitakuwa nakuja bila kupiga simu. Siku nitakuta Riziki peke yake na kikombe cha uji, nitakuchukua we, si yeye. Utalima mihogo yangu mpaka uzeeke."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na muchanga utachota fasi ingine!"

"Hapana," akasema Yaya haraka. "Achote pale pale."

Shangazi akarudi Fizi jua likiwa bado juu. Begi halikurudi tupu: Mama Zaina alilijaza ndakala wakavu, kwa aibu ya paka wake, alisema. Dereva wa moto aliondoka anacheka, na anapita vijiji vingi kabla ya kufika. Najua kwamba sasa hivi, huko njiani, kuna watu nisiowajua wanalijua jina langu. Tayari mvulana amepita nje ya nyumba akaniita "Boga la macho." Nitajibu kwa jina hilo mpaka nife.

Yaya amelala. Sinia limebaki na makombo, na cherehani iko pale pale ilipokuwa. Kesho ninaoka tena, na miguu haijawasha tangu mchana.

Anayetaka kucheka, acheke, nimeshazoea. Naomba tu acheke kwa sauti ya chini: paka bado wamekaa mlangoni, na wakisikia furaha watadhani nimewasha makala.